Mstari Uliomtoa Muuguzi Kwenye Tuzo

Walikutana kwenye duka la kutoa kopi, mashine zinaunguruma, watu wamesongamana kama wanagawiwa kitu cha bure. Muuguzi alikuwa bado na sare yake nyeupe, amekumbatia kurasa za hadithi aliyoiandika kwa mkono, zamu baada ya zamu. Zikamponyoka. Kaka mmoja, shati lake limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake, akainama kuziokota, akaanza kusoma bila haya.

"We kaka, umeombwa kuokota au kusoma?"

"Samahani dada. Ila huyu shangazi umemuua ukurasa wa tisa, na ukurasa wa ishirini anachemsha chai."

Muuguzi alitaka kununa, kicheko kikamuwahi.

Kumbe jamaa alikuwa msahihishaji kwenye kampuni ya uchapishaji. Mwaka haujaisha, shangazi amekufa inavyotakiwa, kitabu kimetoka, na wao wawili wanaitana laazizi kwenye simu mpaka chaji inakwisha. Kisha kitabu kikateuliwa kuwania tuzo kubwa. Vitabu vitano tu, na chake kimo!

Jumanne mchana dada yake akampigia.

"Mdogo wangu, umeona mtandaoni? Fungua ukurasa wa mia na kumi na mbili."

Akafungua. Pale pale mama anapomzika mwanawe, kulikuwa kumechapwa: "Hii hapa aya yako, nimeiboresha iwe na hisia zaidi."

Maneno ya mashine, zile akili mnemba za kuandikia watu! Mtandaoni watu wakamla mzima mzima. Muuguzi gani, kaandikiwa na kompyuta. Kufika alasiri waandaaji wa tuzo wamemtoa, kwa barua ya mistari mitatu, bila kumuuliza swali hata moja. Mtu akija wodini na kikohozi anaulizwa zaidi ya hapo!

Akampigia mpenzi wake. Simu ikaita, ikakatika. Jioni, hivyo hivyo. Siku ya pili ndipo ikapokelewa.

"Hata wewe unaamini nimeandikiwa?"

"Hapana. Ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Bosi alitaka kitabu kiwahi maonyesho. Akasema sura ya saba niipitishe kwenye mashine, isahihishe haraka. Ule mstari ukanipita. Sasa ananiambia ninyamaze, eti watu watasahau."

"Yaani siku mbili natukanwa, na jibu umelikalia?"

"Niliogopa kazi, laazizi."

"Usiniite laazizi! Ile sura niliiandika wiki ambayo kichanga kilinifia mikononi. Mashine ilikuwepo wodini? Ilishika ile miguu midogo?"

Akakata.

Ijumaa, kwenye maonyesho ya vitabu, waandaaji na majaji wa tuzo walikaa jukwaani kujibu maswali. Muuguzi akaingia na gauni la njano linalowaka, ili asiwepo wa kusema hakumwona. Kabla hajanyoosha mkono, sauti anayoijua ikatoka kwenye kipaza sauti.

"Mwandishi hakutumia mashine. Niliyetumia ni mimi, kwa amri ya bosi wangu, yule pale mstari wa mbele." Bosi akaanza kukohoa. "Sura yenyewe, kabla sijaigusa, hii hapa. Namba ya simu ya mwandishi mnayo kwenye fomu. Nani kati yenu alimpigia?"

Mwenyekiti wa majaji akajikuna shingo. "Tutalitazama katika kikao kijacho."

Muuguzi akasimama. "Kikao? Kunitoa mlitumia alasiri moja! Kunirudisha ndiyo mnataka kikao? Jina langu limechafuliwa mchana kweupe, lisafishwe mchana huu huu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Majaji wakanong'onezana, wakasoma ile sura, wakanong'onezana tena. Mwenyekiti akasimama, akaomba radhi, akamrudisha.

Nje, kwenye ngazi, msahihishaji alikuwa anamsubiri.

"Kazi sina tena."

"Najua. Nimemwona bosi wako alivyovimba."

"Umenisamehe?"

"Hasira bado ninazo. Siku mbili ni siku mbili." Akamtazama juu mpaka chini. Leo shati lilikuwa limekunjamana vibaya. "Ila mume wa kumtaja bosi wake hadharani nitampata wapi tena?"

"Mume?"

"Usijifanye hujasikia. Na sharti ni moja: tukioana, jina langu halibadiliki hata herufi. Nimeligombania mno."

"Siligusi."

"Na kama unataka kuligusa?"

"Nakuuliza kwanza."

"Basi twende," akasema, bado amenuna, akamshika mkono.