Subira na Masizi ya Penseli

Kila Ijumaa jioni, Subira alipita kwa shangazi yake Hamisa, mtaa wa Rahaleo, kumsaidia kazi ya kupamba maharusi. Siku hiyo alimkuta shangazi akimchora Mwanaidi, bibi harusi wa kesho, maua ya piko mikononi. Subira aliwaamkia, akaketi mkekani, uso ameukunja.

"Nani kakuudhi, mwanangu?" shangazi akauliza bila kuinua macho.

Subira akatoa picha aliyochora ya bandari ya Mtwara, yenye meli, kreni na malori ya korosho kwenye foleni. Uchoraji wenyewe ulipendeza kweli. Tatizo ni kwamba karatasi nzima ilikuwa imepakazwa masizi ya penseli, utadhani imesuguliwa sufuria.

"Kila nikichora inakuwa hivi, shangazi. Mwalimu Josephu anataka picha moja ya kutundika siku ya wazazi. Amenipa karatasi ya mwisho, nikiichafua hii anampa Yassini nafasi. Darasani wananiita Subira Masizi! Nimejaribu kuuacha mkono wangu wa kushoto nikatumia wa kulia, meli ikatoka kama kiatu."

Mwanaidi akaangua kicheko.

"Tulia wewe, utaniharibia kazi!" shangazi akamkemea.

Subira akautazama mkono wa shangazi. Piko mbichi ukiigusa tu, ua limekwisha. Lakini mkono ule ulipita juu ya maua bila kuharibu hata jani. Kiganja kilikaa juu ya kitambaa safi, na kila ua lililokamilika liliachwa nyuma, kama mtu apigaye deki akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Miaka yote Subira alikuwa ameyatazama maua tu. Leo aliuona mkono, akaupenda.

"Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo naanzia kushoto," shangazi akasema. "Wewe wa kushoto unaanzia wapi?"

"Kushoto, kama tunavyoandika shuleni."

"Na chuoni kwa ustadhi, unapoandika Kiarabu, unachafua?"

"Hapana, huko naandika safi kabisa." Subira akasita, kisha macho yakamtoka. "Shangazi! Huko tunaanzia kulia!"

"Basi. Shuleni mkono wako unaburuzika juu ya ulichokwisha kuchora."

Kesho yake Subira aliitandika karatasi ya mwisho juu ya meza. Alikuwa akitafuna korosho za kukaanga, akaziweka kando, akanawa kwa sabuni mpaka mafuta yakatoka vidoleni. Akaweka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, akaanzia kulia. Yakaja malori, zikafuata kreni, na mwisho meli. Mabaki ya kifutio hakuyafuta kwa kiganja kama alivyozoea. Aliyapuliza taratibu. Alipomaliza, aliinua mkono akatazama. Picha ilikuwa nyeupe pale palipotakiwa weupe.

Jumatatu Yassini alimwahi mlangoni. "Haya, Masizi, tuone!" Akaitazama picha, akaitazama tena. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Siku ya wazazi picha ile ilining'inia ukutani. Shangazi Hamisa alisimama mbele yake muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Mashaallah, mwanangu," akasema. "Walikuita Masizi, nawe ukadhani mkono wako una kasoro, hata ukataka kuubadilisha. Mkono ulikuwa mzima. Kazi ikikuharibikia kila mara, usikidharau kipaji chako. Chunguza kwanza namna unavyoifanya."

Yassini, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akasogea na penseli yake. "Subira," akasema kwa sauti ya chini, "na mimi huwa nachafua. Nielekeze."

Subira akaviona vidole vya Yassini vinang'aa mafuta ya korosho.

"Kanawe kwanza," akamwambia.