Si Mimi, Ni Mke Wangu

"Imekataa tena, dada," mhudumu wa hoteli alisema, akamrudishia kadi kwa adabu zote.

Fundi aliifuta kadi kwenye gauni lake, akaomba ijaribiwe mara ya mwisho. Mashine ikagoma. Nyuma yake watu wa foleni walishaanza kukohoa. Akaburuta sanduku mpaka kwenye kochi la mapokezi, akaketi, hasira zikimpanda.

Alikuwa fundi cherehani, amekuja nchi ya watu kujifunza kukata magauni ya harusi. Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa amemchagua abaki wiki mbili zaidi asome bure na wanafunzi wa juu. Kilichobaki ni kulipia chumba. Pesa ilikuwepo, kwenye akaunti yake na mumewe, seremala mpole ambaye siku ya safari upole wote ulimtoka. Dada yake huyo seremala alikuwa amemjaza maneno kwamba wake wanaokwenda ng'ambo hurudi kuchukua nguo tu. Basi akamwambia mkewe pale mlangoni, "Ukienda, usinitegemee." Tangu siku hiyo walikuwa wamenuniana, hata salamu hakuna.

Akampigia.

"Umenifungia kadi?"

"Mimi?" Randa ilisikika ikiwekwa chini. "Nikufungie kwa nini?"

"Ili nirudi. Si ulisema nisikutegemee?"

"Mke wangu, app ya benki imeniuliza swali tu, nikajibu."

"Swali gani?"

"Si akaunti imesajiliwa kwa namba yangu? Imesema kuna malipo makubwa hotelini, nchi ya nje. Je, ni wewe? Nikabonyeza hapana."

"Ukabonyeza hapana."

"Si mimi kweli. Mimi niko karakana, naranda mlango. Ni wewe huyo."

Fundi alitaka kuendelea kukasirika, ila kicheko kilimponyoka. Ndiye mwanamume aliyemwoa, hajui kudanganya hata mashine.

"Ilikuwa inauliza kama ni wizi, mume wangu."

"Basi ingeuliza kama ni wizi."

Wakacheka wote wawili. Kisha seremala akauliza, kwa sauti ya chini, hoteli ya nini tena wakati masomo yanakwisha. Fundi akamweleza. Kisha, kabla hajajibiwa, akaongeza:

"Kama hutaki nibaki, niambie mwenyewe. Si maneno ya wifi."

"Naogopa," mumewe alisema. "Niliogopa tangu siku ile. Nilidhani ukishaona ya huko, mimi na vumbi langu la mbao tutakuchosha."

"Na mbona hukunipigia?"

"Aibu. Lakini nilikuwa nawe. Kila ukilipa, app inaniambia. Ukinunua chai, najua umeamka salama. Ukilipa nauli, najua unakwenda darasani. Jana haikusema kitu mchana kutwa. Nimeharibu milango miwili."

Fundi alifunika uso kwa kiganja. Jana alikuwa ameshinda na njaa makusudi, asiguse pesa ya mtu aliyemwambia asimtegemee. Machozi yakamtoka palepale mapokezi, na wala hakujali nani anatazama.

"Nitarudi," alisema. "Nakupenda wewe na vumbi lako. Nitarudi kwako."

Seremala alipenga kamasi bila kuficha.

"Basi soma, mke wangu. Wiki mbili si nyingi. Niambie tu nibonyeze wapi."

Wakaifungua kadi pamoja, yeye akielekeza, mumewe akisoma kila neno kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akarudi kwa mhudumu, akagusisha kadi.

"Imeniuliza tena," seremala alinong'ona. "Je, ni wewe?"

"Sema ndiyo."

"Uongo huo."

"Bonyeza, mume wangu."

Malipo yakapita. Fundi akapeleka sanduku chumbani, akashuka mgahawani akiwa na njaa ya siku mbili, akaagiza sahani iliyojaa na kulipa kwa kadi ileile. Kijiko hakijafika mdomoni, ujumbe ukaingia:

"Kula taratibu. Nipo."