Unga wa Tumbo la Kuku

"Mwewe, wacha hiyo Hilux ipite."

Sauti ya Hamissi, mkubwa wa idara ya ujasusi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Tamim, aliyeitwa Mwewe redioni, juu ya pikipiki yake ya Yamaha, akila vumbi la barabara ya Gatumba, alimtukana kimoyomoyo.

Siku tatu! Siku tatu amechomwa na jua mpakani akisaka bomu lililotumwa kulipua soko la Mutakura. Soko ambamo mkewe, Saliha, alikuwa anauza kuku wa nyama asubuhi hiyo hiyo. Na Hamissi, kivulini ofisini kwake Kigobe, anang'ang'ania kwamba bomu limo kwenye lori la makaa.

"Hilux iko na dawa ya kuku tu. Karatasi iko na kashe, muhuri wa forodha. Rudi."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia la mtu, yeye huvunjika nini?

Tamim aliitazama tena Hilux. Katoni za dawa zilikuwa nyuma, wazi, bila hata turubai. Jana zilishinda hivyo hivyo forodhani, jua kali, na dereva hakujali.

Dawa ile ilikuwa unga, naye aliujua. Saliha, mfugaji mwenyewe, alimchosha nao kila siku. Ni vijidudu hai, vya kulinda utumbo wa vifaranga wasiharishe, na joto huviua. Saliha huuweka sakafuni penye ubaridi, kando ya mtungi wa maji. Hata maji ya bomba huyalaza wazi kwanza, klorini itoke isiviue, ndipo auchanganye.

Mfugaji gani anaoka dawa yake?

Alikata njia mbele ya Hilux. Breki zililia.

Dereva alikuwa Murhula, mfugaji wa Bukavu kwa mujibu wa karatasi zake. Alitabasamu. Tamim hakugusa katoni hata moja.

"Unga hii, kuku unawapa namna gani?"

"Iko mepesi, shefu. Unachemusha maji, unavuruga moto-moto, wanakunywa."

Moto-moto! Hata kuku wenyewe wangemcheka.

Bastola ya Tamim, Browning, ikamgusa sikio. "Shuka. Pole pole."

Ndani ya katoni, chini ya paketi za unga, kulikuwa na baruti, waya na saa ya Casio. Ilitegwa ilipue saa tano na nusu, soko likiwa limejaa. Tamim aling'oa betri.

Alimwambia Hamissi redioni. Hamissi akasema ripoti itaandika kwamba idara iliishuku Hilux tangu mwanzo.

"Andika unavyotaka," Tamim alisema, akazima redio. Akawakabidhi askari wa bariyeri ya barabarani yule mtu na mzigo wake, akavaa miwani, akawasha pikipiki.

Alifika Mutakura saa tano na dakika ishirini. Saliha alikuwa anabishana na mteja, mama Caritas, aliyedai kuku ni mnene kupita kiasi, hapana shaka kachomwa sindano.

"We unashinda wapi?" Saliha alimuuliza mumewe, bila kumtazama. "Shika hii."

Tamim akampokea kuku. Akasimama naye katikati ya soko, watu wakimpiga vikumbo, saa tano na nusu ikapita kimya, mpaka saa sita.