Kahawa ya Eunike na Vidonge vya Reginald

Kwa Mzee Sumari, kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kukoboa, kuosha, kuanika na kuuza. Kunywa? Hapana. Nyumba yake, juu ya Tengeru kwenye mteremko wa Mlima Meru, ilikunywa chai ya maziwa asubuhi na chai ya maziwa jioni. Mgeni akija, chai ya maziwa tena.

"Kahawa ni ya ushirika," mke wake alipenda kusema. "Sisi ni watu wa chai."

Jumamosi moja Mzee Sumari alikuwa uani, anazungusha mashine ya kukoboa kahawa. Mke wake alikuwa anamimina buni nyekundu ndani ya mashine. Binti yao Eunike akaingia mbio, jasho linamtiririka.

"Shikamoo Baba! Shikamoo Mama!"

"Marahaba. Umefika wapi leo?" Baba aliuliza.

"Sokoni Tengeru, halafu nikapandisha mlima wote bila kusimama!"

Eunike alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alisoma kilimo cha mboga chuoni Tengeru, lakini wiki zile kichwani mwake palikuwa na jambo moja tu. Wiki tatu zilibaki kabla ya mchujo wa mbio za kilomita kumi. Wasichana watatu wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Watatu tu! Na mwaka uliopita Eunike alikuwa wa nne. Jamani, hakuna nafasi chungu kama hiyo. Wa ishirini hulala usingizi wake. Wa nne huhesabu sekunde mwaka mzima.

Basi mwanariadha mwenzake, Reginald wa Kaloleni kule mjini, alipompa kichupa cha vidonge, Eunike hakuuliza maswali mengi.

"Ni kafeini," Reginald alisema. "Wengi wanatumia. Meza viwili kabla ya kukimbia. Utapaa, dada!"

Jumatano asubuhi kocha Gidion aliwapanga wakimbiaji wake barabarani kwa mbio za majaribio. Eunike alikuwa amemeza vidonge viwili. Kisha, kwa kuwa mwenye hamu ya kushinda haridhiki, akateremshia na kopo zima la kinywaji cha enaji.

Loo! Kilomita tatu za kwanza alikimbia kama anafukuzwa na nyati. "Eunike, punguza!" Gidion alipiga kelele. Eunike hakusikia. Kilomita ya nne mikono ikaanza kutetemeka. Ya tano moyo ukadunda kama mchi kwenye kinu. Ya sita tumbo likachafuka, akaacha barabara na kukimbilia kwenye migomba ya watu. Alimaliza akitembea. Usiku ule aligeuka kitandani mpaka jogoo wakawika.

Asubuhi Mama alimwona macho mekundu.

"Hii ni malaria," alisema. "Au wenzako wamekuwekea kitu."

"Tusibahatishe," alisema Baba. "Twende zahanati, sote."

Zahanati walimkuta nesi Nalepo, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kusikika hadi getini. Alimpima Eunike malaria. Hakuna. Akampima presha na mapigo ya moyo. Vilikuwa vimetulia.

"Haya, binti. Jana ulikula nini? Ulikunywa nini?"

Eunike alitazama sakafu. Mama akamtazama Eunike. Mwishowe kichupa kikatoka mfukoni. Nalepo alisoma maandishi yake madogo, akatikisa kichwa.

"Kidonge kimoja kina miligramu mia mbili za kafeini. Ulimeza vingapi?"

"Viwili. Na enaji moja."

"Mia nne, na ya enaji kama themanini juu yake! Mtu mzima mwenye afya inashauriwa asizidi mia nne kwa siku nzima. Wewe umezipita asubuhi moja, na mwili wako mdogo huo. Wengine hukimbizwa hospitali. Una bahati."

Eunike alikaribia kulia. "Kwa hiyo nimedanganywa? Kafeini haifanyi kazi?"

"Nani kasema?" Nalepo akavuta kiti, macho yanang'aa. "Inafanya kazi! Imepimwa kwa wakimbiaji, kwa waendesha baiskeli, kwa watu wa zamu kama mimi. Ubongo una kengele inayolia, umechoka, umechoka. Kafeini huifunika kengele hiyo. Unahisi mbio ni rahisi kidogo, unaweza kusukuma zaidi. Lakini sikia neno hilo: kidogo. Mbio kama zako, labda sekunde kadhaa. Mwingine anapata nusu dakika. Mwingine hapati kitu, anaishia kutetemeka tu. Miili haifanani."

"Na kichwa?" Eunike aliuliza. "Reginald anasema inasaidia hata kwenye mtihani."

"Inaamsha macho. Unakuwa makini, hasa ukiwa umechoka. Lakini haimfundishi mtu ambaye hakusoma! Na haichukui nafasi ya usingizi. Uchovu wenyewe unabaki palepale, unakusubiri."

"Sasa kiasi gani kinafaa?"

"Kwa mkimbiaji mzima mwenye afya, wataalamu wengi huanzia miligramu tatu kwa kila kilo ya uzito, saa moja hivi kabla ya mbio. Hata chini ya hapo baadhi ya watu husaidika. Una kilo ngapi?"

"Hamsini."

"Mia na hamsini!" Baba alidakia kabla hata hajaulizwa.

"Hesabu safi, Mzee. Sasa Eunike, ulikunywa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kuzidisha hakuongezi mbio, kunaongeza choo." Mama akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Nalepo akaendelea, "Na jambo jingine. Kafeini haikatazwi mashindanoni kwa sasa. Lakini kidonge cha kupewa mkononi hujui kimechanganywa na nini. Kikiwa na dawa iliyokatazwa, atakayefungiwa ni wewe, si aliyekupa."

Eunike akasukuma kichupa mezani, mbali naye. "Basi nitapata wapi kafeini salama?"

Nalepo aliwatazama wote watatu. Alijua wanakotoka.

"Nyie mnalima nini kule juu?"

Baba akasimama.

"Kahawa? Unasema hii kafeini imo kwenye kahawa? Kahawa hii yangu?"

"Hiyo hiyo, Mzee! Kikombe kimoja kina kama miligramu themanini hadi mia, kutegemea unavyoipika."

"Miaka arobaini!" Baba alishika kichwa. "Miaka arobaini nalima, sijawahi kunywa hata kikombe! Mtoto wangu anapewa vidonge na mtu wa mjini, na mimi nina magunia chini ya kitanda!"

Walicheka wote, na Baba alicheka kuliko wote.

"Na mimi nionje?" Mama aliuliza. "Nina presha."

"Wewe Mama, muulize kwanza daktari anayekutibu. Mwenye shida ya moyo pia. Mjamzito apunguze sana, na watoto waachane nayo. Na Eunike, usinywe kahawa baada ya saa sita mchana. Saa tano zikipita, karibu nusu yake bado imo mwilini. Hiyo ndiyo iliyokunyima usingizi. Na chochote kipya, jaribu mazoezini kwanza. Siku ya mbio si siku ya kujaribu."

Jioni ile nyumba ya Sumari iligeuka kiwanda. Mama alikaanga buni kavu kwenye sufuria. Mara ya kwanza iliungua, moshi ukajaa jikoni, jirani akaja kuuliza kama nyumba inawaka. Mara ya pili ilitoka ya kahawia, yenye harufu nzuri ajabu. Baba aliitwanga kwenye kinu mwenyewe. Hakukubali mtu mwingine auguse mchi.

Asubuhi Eunike alikunywa kikombe kimoja, akasubiri saa moja, akakimbia. Mikono ilitulia. Tumbo lilitulia. Siku nyingine alijaribu kikombe kimoja na nusu, na mlima wa mwisho haukumtesa kama zamani. Vikombe viwili vilimpa kiungulia, akaviacha. Kila siku saa tatu usiku alikuwa kitandani, bila mjadala. Kabla ya mbio alikula ndizi, si loshoro, maana mchanganyiko ule mzuri wa ndizi, mahindi na maziwa mgando ulimjaa tumboni.

Reginald naye alikuja kuonja. Alikunywa kikombe kimoja tu na jicho halikufumba usiku mzima.

"Basi mwenzetu, kafeini si yako," Eunike alimwambia. "Nesi amesema miili haifanani. Lala vizuri, ukimbie."

Siku ya mchujo ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi, kikombe kimoja na nusu. Saa moja, filimbi!

Wasichana thelathini wakaondoka kwa pamoja. Safari hii Eunike hakukurupuka. Kilomita ya tano alikuwa wa tisa. Kilomita ya saba wa sita. Ya nane wa tano. Miguu iliuma, ndiyo, lakini kichwa kilikuwa kimetulia, kinaona kila mgongo ulio mbele yake na kuulenga. Wakaingia uwanjani, Eunike sasa wa nne. Wa kwanza na wa pili walikuwa mbali. Mbele yake kabisa alikuwa Brenda, yule aliyekuwa wa tatu mwaka uliopita.

"Eunikeee!" Mama alisimama juu ya kiti. "Mshike huyo! Mshike, mwanangu!"

Mita mia. Brenda akageuka, akamwona, akaongeza kasi. Mita hamsini. Bega kwa bega. Baba alitaka kuangalia na hakutaka kuangalia. Mita kumi. Eunike akatupa kifua mbele.

Waamuzi wakainamia saa zao. Kisha kipaza sauti kikasema:

"Wa tatu, Eunike Sumari, dakika thelathini na sita na sekunde arobaini!"

Vigelegele vya Mama vilifika Kaloleni yote. Brenda, akihema, alimshika Eunike mkono.

"Hongera, mwenzangu. Umemeza nini?"

"Kikombe kimoja na nusu cha kahawa ya Baba," alisema Eunike. "Na usingizi wa wiki mbili. Njoo nyumbani nikueleze."

Kocha Gidion akaja na fulana ya timu ya mkoa. Eunike akaivaa palepale, juu ya jasho. Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, mwaka juzi tu, kwenye darasa la kanisani. Akamgeuza binti yake, akaweka kidole kwenye maandishi ya mgongoni, na bila kusaidiwa na mtu akasoma kwa sauti kubwa, silabi moja baada ya nyingine:

"A-RU-SHA."