Usioge Leo, Wino Utafutika

Shoka alimchoma Mrefu kisu cha paja mchana kweupe, mke wake Shoka akiona. Kisha akakichomoa.

"Usikitoe!" mkewe alipiga kelele. "Kiache humo humo, Shoka, usi—"

Alikuwa amechelewa. Shoka alikuwa mchinjaji, na mkono wa mchinjaji ukishaingiza kisu hausubiri kuambiwa. Unatoa, damu imwagike, kazi iendelee. Damu ya Mrefu iliruka hadi ukutani, ikatulia kidogo, ikaruka tena. Ilikuwa inaruka kwa mapigo ya moyo wake.

Kabla hatujafika mbali, mjue ilivyoanza.

Shoka alikuwa na bucha. Jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi alivyokuwa akipasua mfupa kwa pigo moja. Mke wake majirani walimwita Dokta, ingawa alikuwa bado mwaka wa kwanza chuo cha uganga. Na kama kuna watu waliowahi kupendana kwa kupitia nyama, basi ni hao wawili. Jioni Dokta alikuwa akipita buchani na koti lake jeupe begani.

"Leo umeniwekea nini, mume wangu?"

"Moyo. Wa dume kubwa."

Shoka anaupasua juu ya gogo, Dokta anaingiza vidole.

"Ona. Vyumba vinne. Huku damu inaingia ikiwa imechoka, inaenda kwenye mapafu kuchukua hewa, inarudi huku, halafu chumba hiki chenye ukuta mnene ndicho kinaisukuma mwilini kote. Na hivi vinyuzi vinashikilia milango isipinduke."

"Miaka yote nauza moyo kwa kilo, kumbe nauza nyumba."

"Na unajua kwa nini damu inanuka chuma?"

"Kwa sababu ya kisu."

"Kwa sababu ina chuma ndani yake, kweli kabisa. Hicho chuma ndicho kinachobeba hewa unayovuta."

Tangu siku hiyo, Shoka alikuwa akiwasimamisha wateja na kuwaeleza habari za chuma, hata wale wenye haraka. Alijivunia mkewe mpaka akawa kero.

Shida ilianza masomo yalipotoka kwa ng'ombe yakaingia kwa binadamu. Mwalimu wao alitaka kila mwanafunzi aweze kumgusa mtu na kusema, bila kumpasua, ini liko hapa, moyo unagonga hapa, mshipa mkubwa unapita hapa. Njia ya kujifunza ni kumchora mtu kwa kalamu juu ya ngozi. Dokta alianza nyumbani.

"Vua shati nikuchore."

"Unichore mimi?" Shoka alicheka. "Nikasimame buchani mbavu zimeandikwa namba, wateja wachague? Mimi siyo ubao, mke wangu."

"Nusu saa tu."

"Chorana na wanawake wenzako. Wanaume sitaki kusikia."

"Sawa. Nasoma na wasichana."

Huo ulikuwa uongo, na Dokta mwenyewe alikuja kuukiri baadaye. Wasichana wa darasani mwake walikuwa wanachekana wakiguswa, hakuna lililokwenda. Aliyebaki kusoma kwa dhati alikuwa kijana mmoja mwenye ndevu, aliyepanga chumba nyuma ya saluni. Wanamwita Mrefu.

Kwenye saluni hiyo alifanya kazi dada yake Shoka. Huyo aliitwa Kucha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapaka watu kucha rangi, na zake zilikuwa ndefu kuliko za wateja wote. Asubuhi ya siku ile Shoka akiwa anachuna mbuzi, simu ililia mfukoni mwa aproni. Ujumbe wa Kucha:

"Kaka, nisamehe kwa kukuharibia siku. Hii ni simu ya wifi, nimeipiga picha jana ikiwa kwenye chaji hapa saluni. Soma mwenyewe."

Kwenye picha ilionekana simu ya Dokta, imeshikwa na mkono wenye kucha nyekundu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa Dokta kwenda kwa Mrefu:

"Usioge leo, wino utafutika. Kesho namalizia mapaja."

Shoka aliusoma mara mbili, akapiga simu.

"Huyu Mrefu ni nani?"

"Mpangaji wa hapa nyuma. Wifi anaingia humo kila siku."

"Aliniambia anasoma na wasichana."

"Basi msichana huyo ana ndevu, kaka."

"Wako wapi saa hizi?"

"Wifi ameingia kwake sasa hivi. Lakini usije ukafanya fujo, mimi nimekueleza tu kama ndugu."

Shoka alikata simu. Mbuzi alimwacha nusu ana ngozi, nusu hana. Alipanda gari lake la kubebea nyama na kisu bado mkononi, hata hakukifuta.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu, lakini yeye aliupiga teke ukang'oka bawaba ya juu. Mrefu alikuwa amelala chali kitandani, ana kaptula tu. Kifua chake kilikuwa na mbavu zenye namba za bluu, na upande wa kushoto moyo mwekundu wa ukubwa wa ngumi. Dokta alikuwa amepiga magoti pembeni, kalamu nyekundu mkononi, anashusha mstari kutoka kinenani kuingia ndani ya paja.

"Shoka! Ngoja nikueleze."

"Unieleze nini? Umeshaandika mwenyewe, na mimi kusoma najua."

"Shemeji," Mrefu alisema akiinuka, "tunajiandaa na mtihani, uliza—"

Stuli ilimkuta mdomoni kabla hajamaliza. Meno mawili yalianguka sakafuni. Dokta alimrukia mumewe mgongoni, akamng'ang'ania shingo.

"Muache! Hana kosa! Kosa ni langu!"

"Unamtetea na mbele yangu!"

Alimrusha. Dokta aligonga bega kwenye ukingo wa meza, na Shoka alisikia mlio anaoujua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani pale, mlio wa mfupa kukatika. Laiti angesimama hapo. Lakini Mrefu naye alikuwa amepandwa na hasira, mdomo unatoka damu, akamtia kichwa cha pua. Macho ya Shoka yakajaa maji. Kisu kikaenda chenyewe, chini, kikaingia pajani, palepale kwenye ule mstari mwekundu.

Kisha akakichomoa, kama nilivyosema.

Mrefu alikaa chini taratibu, akaitazama damu kama ni ya mtu mwingine. Dokta alijikokota hadi pale, mkono wa kulia unaning'inia. Alibonyeza kinena cha Mrefu kwa kiganja cha kushoto. Damu ikapungua, haikuacha.

"Njoo hapa," alimwambia mumewe.

Shoka alikuwa amesimama tu, kisu kimedondoka.

"Nakwambia njoo! Mtulinga wangu, huu mfupa wa hapa begani, umevunjika, nina mkono mmoja, na uzito wangu hautoshi. Weka ngumi hapa nilipoweka mimi. Chini yake kuna mfupa. Mshipa unapita kati ya ngumi yako na huo mfupa. Ukandamize kama unataka kuupasua."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine? Mtu mzima ana damu kama lita tano. Ilivyokuwa inaruka ile, dakika chache tu na yeye hayupo. Egemea, Shoka. Leo utazuia damu au utakuwa muuaji, chagua upesi."

Akapiga magoti, akaweka ngumi, akaegemea. Damu ikasimama.

Mlangoni palisikika kishindo. Mwanamke mmoja alikuwa amedondosha beseni la maji ya moto, na kipande cha sabuni kikateleza hadi kwenye damu.

"Mume wangu!" alilia. "Mmemfanya nini mume wangu?"

"Ni mchumba wake," Dokta alimwambia Shoka bila kumtazama. "Ni dereva wa basi la shule. Dada, usilie, tunakuhitaji. Funguo za gari la nyama ziko mfukoni mwa huyu. Endesha."

Walimbeba Mrefu kwa shuka hadi kwenye boksi la gari, chini ya ndoano za kutundikia nyama. Shoka hakuondoa ngumi hata hatua moja, alitembea kinyumenyume ameinama kama mtu anayesukuma mkokoteni. Gari likaondoka kwa kasi, ndoano zikawa zinagongana juu ya vichwa vyao.

"Shemeji," Mrefu alisema kwa sauti ndogo, "unaniumiza."

"Usiniite shemeji."

"Nikuite nani basi? Umenilalia hivi, hata mchumba wangu hajanilalia."

"Nyamaza, utaimaliza pumzi," Dokta alisema. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Mrefu, anahesabu mapigo. Midomo ya Mrefu ilikuwa imegeuka rangi. "Yanakimbia sana. Moyo unatafuta damu ya kusukuma, hauioni. Kandamiza, Shoka, usilegee."

"Sijalegea." Jasho lilimtiririka. Kisha akasema, "Yule mwanamke alikuja na beseni la nini?"

Dokta alitoa simu kwa mkono mzima, akaifungua, akamshikia mbele ya macho. Ujumbe ulikuwa ule ule, lakini ulikuwa na mstari wa tatu:

"Usioge leo, wino utafutika. Kesho namalizia mapaja. Mwambie mchumba wako aje na maji ya moto na sabuni, yeye ndiye atakayekufuta."

Shoka aliutazama mpaka gari lilipopiga kona.

"Kwenye picha mstari huu haukuwepo."

"Picha gani?"

"Aliyonitumia dada. Pale chini palikuwa na..." Alikumbuka kidole gumba chenye ukucha mwekundu, kimelala mwisho wa maneno. Alikiona asubuhi. Hakujiuliza kilikuwa kinafunika nini.

"Nilikudanganya kwamba nasoma na wasichana," Dokta alisema. "Hilo nalibeba, ni langu. Lakini wa kwanza kuombwa kifua ulikuwa wewe."

Ngumi ya Shoka ilikuwa imekufa ganzi, na chini yake, kila mara, alihisi mshipa ukigonga, unataka kupita.

Hospitalini mganga alipomwambia aachie, vidole havikukunjuka. Walivikunjua kimoja kimoja. Mrefu alisukumwa kuingia chumba cha upasuaji, mchumba wake akikimbia nyuma na viatu mkononi. Dokta alifungwa bega, kisha akawapigia polisi yeye mwenyewe. Wakati wanakuja, Shoka alikaa kwenye benchi na kumpigia dada yake.

"Kidole gumba chako kilikuwa kinafunika nini?"

"Kaka, hapa saluni watu wanasema umekuja na kisu. Vipi, kuna—"

"Nimekuuliza kidole, Kucha."

Kucha akaangua kilio.

"Sikujua ungekuja na kisu. Nilidhani utamkataza tu kwenda pale. Miezi yote namsalimia yule kijana, namwekea chakula, hata hanitazami. Halafu wifi ananiambia nimuache, ana mchumba. Ananiambia mimi! Na yeye anamshika kila siku!"

"Alikuwa anasoma."

"Kaka, nisamehe."

"Mtu anakufa humo ndani, dada. Na mimi ndiye niliyemchoma, siyo wewe. Lakini usinipigie tena."

Mrefu hakufa. Mshipa ulishonwa, ila mguu ulikuwa umekaa muda mrefu mno bila damu, nyama ikawa imekufa kwa ndani. Siku ya tatu waliukata chini ya goti.

Mahakamani, wakili wa Shoka alimwomba Dokta aseme kwamba hakuona vizuri. Dokta alisimama, mkono bado kwenye kitambaa cha shingoni.

"Niliona," alisema. "Alimpiga stuli. Mimi alinirusha nikavunjika. Alimchoma, akachomoa kisu. Na ni yeye huyo huyo aliyezuia damu njia nzima. Yote mawili yaandikwe."

Yakaandikwa. Hakimu alimpa miaka minne, akasema bila ile ngumi angempa mingi zaidi.

Dokta alienda kumtazama gerezani mara moja tu, kumwambia kwamba amefaulu mtihani. Shoka alisema, "Nilijua utafaulu." Wakakaa hadi muda ukaisha.

Alipotoka, alinyoosha moja kwa moja hadi zahanati aliyosikia mkewe anafanyia kazi. Alipanga foleni na wagonjwa. Zamu yake ilipofika aliingia, akafunga mlango taratibu, akavua shati, akalala kwenye kitanda cha kupimia.

"Nimekuja," alisema akitazama dari. "Nichore. Hata ukitaka uandike namba, nitatembea nazo mtaani."

Dokta alisogea, akaweka kidole kifuani kwa mumewe, upande wa kushoto, kati ya ubavu wa tano na wa sita, bila kutafuta. Kiliangukia palepale panapogonga.

"Moyo unakimbia," alisema.

"Unakuogopa."

"Na mimi ninauogopa huo. Kila ukifungua mlango kwa nguvu mahali popote, bega langu linaniuma." Akaondoa kidole. "Nilikupenda sana, Shoka, na hata sasa sikuchukii. Ila mtihani nilishafanya. Sihitaji tena mtu wa kumchora. Vaa shati, kuna wagonjwa nje."

Alivaa. Vifungo vilimshinda, akatoka hivyo hivyo.

Mrefu na mchumba wake walifunga ndoa, bwana harusi akiwa amekaa. Hakuwa mganga wa upasuaji kama alivyotaka, kwa kuwa kazi ile ni ya kusimama. Anafundisha chuoni, na wanafunzi wakikosa mtu wa kuchora, huwa anavua shati yeye.

Hesabu ya ule ujumbe ni hii. Mguu mmoja. Meno mawili. Mtulinga uliounga ukiwa umepinda. Miaka minne. Bucha moja, ambalo sasa linauza viatu. Dada mmoja asiyepigiwa simu. Na mke mmoja, aliyewahi kuomba nusu saa na kifua cha mume wake.