Ngazi Katika Fidla ya Mzee Msabah

"Pandisha, baba. Taratibu."

Mzee Msabah alisogeza kidole cha mkono wa kushoto juu ya kishikwambi. Kwenye kioo palikuwa na kitelezi kifupi. Kidole kikipanda, fidla ya kompyuta ilipaswa kuvuma zaidi. Kikishuka, ipungue. Binti yake, Mwatum, alikuwa akibonyeza noti kwenye kinanda.

Walisikiliza walichorekodi. Fidla haikupanda. Iliruka. Ilinyamaza, ikapiga kelele, ikanyamaza tena.

"Huyo si mimi," alisema mzee. Maneno yalimtoka kwa tabu. "Huyo mlevi anapanda ngazi."

Mwatum hakucheka. Kiharusi kiliuchukua mkono wa kulia wa baba yake, mkono wa upinde. Sasa wa kushoto nao ulikuwa unadhoofika. Asubuhi ile mzee aliangusha kikombe. Alikuwa ametunga bashrafu moja, muziki usio na maneno, wa sehemu nne. Hakuwahi kumfundisha mtu. Noti zake Mwatum alishaziandika. Lakini wapi upinde uvume na wapi upoe, hilo lilikuwa mkononi mwa mzee tu.

"Hodi," iliita sauti mlangoni. Alikuwa Nassra, jirani yao, fundi wa kurekodi muziki. Alikuja kumtazama mgonjwa. "Shikamoo, Mzee Msabah."

"Marahaba. Njoo usikie aibu yangu."

Nassra alisikiliza mara mbili. Kisha akauliza, "Kishikwambi kinaunganishwa vipi na kompyuta?"

"Kwa wai-fai ya nyumba," alisema Mwatum.

"Chini nimekuta wageni tisa, kila mmoja na simu. Wote wana neno la siri?"

Bi Mwanakhamis, mke wa mzee, aliingia na trei ya kahawa. "Nnawapa mwenyewe. Mtu katoka Mbweni kuja kumtazama mgonjwa, nimnyime? Watasema nini?"

"Sikulaumu, Bi Mwanakhamis. Umewakirimu wageni. Lakini sikilizeni. Kidole kikitembea, kishikwambi kinatuma namba, kuanzia sifuri hadi mia moja ishirini na saba. Hiyo ndiyo midi. Si sauti, ni maagizo tu. Sasa namba hizo zinapita njia moja na video anazoangalia mgeni wenu, Bi Biasha, huko chini. Zinakwama, halafu zinafika kwa mkupuo. Ndiyo ngazi zenu hizo."

"Biasha!" alisema Bi Mwanakhamis. "Tangu saa nane anaangalia harusi ya watu."

Nassra alitoa waya mkobani. Aliunganisha kishikwambi na kompyuta. Akachagua midi ipite kwenye waya, akazima wai-fai ya kishikwambi na kufunga programu nyingine zote. Kisha akakirefusha kitelezi kikajaa kioo kizima.

"Kikiwa kifupi," alieleza, "kidole kikisogea kidogo tu, namba nyingi zinarukwa. Na hapa, Mwatum, umeiamuru programu ivute kila kitu kikae sawa na mdundo?"

"Noti zangu zilikuwa zinachelewa."

"Basi vuta noti tu. Mstari unaochorwa na kidole cha mzee usiuguse."

Walirekodi upya. Safari hii mstari kwenye kompyuta ulipanda polepole kama kilima. Fidla ikavuma, ikapoa, ikavuta pumzi.

Bi Mwanakhamis aliketi, trei bado mkononi. "Ndiye," alisema. "Ndiye yeye."

Mwatum alionyesha mahali mstari ulipopinda-pinda. "Hapa kidole kimetetemeka. Nilainishe?"

"Programu inaweza," alisema Nassra. "Muulize mwenyewe."

"Wacha," alisema mzee. "Huo ndio mkono wangu wa leo."

Wakamaliza sehemu ya kwanza na ya pili. Katika ya tatu, kidole kilifika katikati ya kioo kikasimama. Mzee alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Alijaribu tena. Hakikusogea.

"Nshachoka," alisema.

Mwatum alihifadhi kazi. Aliandika kwenye karatasi: sehemu ya tatu na ya nne, kesho. Kisha akaushika waya auchomoe.

"Usiuchomoe," alisema baba yake, akiwa amefumba macho. "Uache vivyo hivyo."