Mgeni wa Meza ya Nane

Dereva wa lori alimaliza sahani yake ya wali mwekundu, akaufyonza mfupa wa kuku mpaka ukang'aa, akanywa glasi mbili za maji, kisha akagonga meza kwa kijiko.

"Mwiko! Wewe Mwiko! Hebu toka huko jikoni!"

Mpishi akachungulia kwenye dirisha la kupitishia chakula. Jina lake halisi wateja walishalisahau siku nyingi. Walimwita Mwiko, na watani wake walidai analala na mwiko wake mto mmoja.

"Kuna nini?"

"Nina njaa."

"Si umekula sasa hivi, mbele ya macho yangu?"

"Nimekula. Na bado nina njaa. Umeanza kupunja, kaka?"

Watu wa meza za jirani wakacheka. Mwiko hakucheka. Kipimo chake cha wali kilikuwa kimoja kwa bosi na kwa mbeba mizigo, na kwake yeye hakuna tusi lililolizidi hilo. Akatoka na sufuria, akautua upawa mzima kwenye sahani ya dereva kwa kishindo.

"Haya. Kula mpaka ushindwe kunyanyuka."

Dereva akala. Akamaliza. Akajishika tumbo, akalipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Bado," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mdogo, meza nane tu, ila ulikuwa na kelele za harusi. Mwenye nao alikuwa mama mmoja wa Kinaijeria, wateja wakimwita Mama Naija, aliyekuja na sufuria mbili na kicheko kinachosikika mpaka kituo cha basi. Muziki wa kwao ulivuma kwenye spika tangu asubuhi, pilipili ikawatoa watu kamasi, na kila mtu akazungumza kwa sauti ya kumshinda jirani yake. Na palikuwa na sheria moja. Mlangoni lilining'inia pazia la shanga. Kila lilipolia, wafanyakazi wote waliitikia kwa pamoja: "Karibu, kaa, kula ushibe!" Wateja waliipenda kelele hiyo. Wengine walitoka na kuingia tena ili tu wapigiwe.

"Lakini umwone kwanza anayeingia," Mama Naija alimwonya Mwiko siku ya kwanza kabisa. "Macho, halafu mdomo. Usipige kelele kwa pazia."

Hilo, Mwiko aliliona la kizee. Jiko lake lilimpa mgongo mlango. Angegeuka mara ngapi kwa siku, na mafuta yanaruka? Akawa anaitikia kwa masikio, miaka yote, na hakuna lililotokea.

Mpaka Jumatatu ile, saa tisa alasiri, wateja wameisha, Mama Naija na mhudumu wamekwenda sokoni. Mwiko alikuwa ameinama anakwangua ukoko, pazia likalia, akabweka bila kugeuka: "Karibu, kaa, kula ushibe!" Alipogeuka hakumwona mtu. Shanga zilikuwa bado zinayumba. Hewani palikuwa na harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji, na jiko lake lilikuwa la gesi. Kule kwenye pembe, karibu na sinki la kunawia, kiti cha meza ya nane kilikuwa kimevutwa nje kidogo. Akakirudisha kwa teke, akaendelea na ukoko wake. Hakumwambia mtu.

Dereva alilalamika Jumanne. Jumatano walikuwa sita. Alhamisi mgahawa mzima ulikuwa unanung'unika.

"Mnaweka nini humu, hewa?"

"Zamani nilikuwa nakula hapa nasinzia ofisini. Leo nimetoka hapa nikanunua mkate!"

Mwiko mori ulimpanda. Ijumaa alikuja na mizani ya kwao nyumbani, akaiweka dirishani, akawa anapima kila sahani mbele ya mteja. "Soma! Una macho? Soma mwenyewe!" Walisoma, wakakubali, wakaenda kula, wakarudi na sahani tupu na nyuso zilizosawijika. Akaongeza kipimo mara moja na nusu. Bado. Akaongeza maharage. Bado. Mtu mzima mwenye tai alilia mezani kama mtoto wa kunyonya, kijiko mdomoni, hajui kinachomliza.

"Mdogo wangu," Mama Naija akamwambia jioni, spika ameizima, "niambie ukweli. Unapunguza mafuta?"

"Na wewe, dada? Na wewe?"

"Nauliza tu."

"Mimi sijawahi kumdanganya mtu punje moja!" Akaurusha mwiko kwenye sinki. Na wakati ule ule, kitu kikamchoma moyoni, akakumbuka shanga zinazoyumba. Akakimeza.

Kilichomfanya akitapike ni binti yake.

Binti alikuwa mhudumu pale, msichana wa miaka ishirini, mashavu kama maandazi, na kila mtu alimwita Kibonge, naye aliitika kwa furaha. Chakula chake cha mchana alikila saa tisa, wateja wakishaondoka, pale pale meza ya nane, kwa kuwa iko karibu na sinki na wateja hawaipendi. Ile wiki alikula sahani mbili. Wiki ya pili tatu. Na sketi ikaanza kumzunguka kiunoni, ikabidi aibane kwa pini, kisha kwa kamba. Hospitali walimpima damu, wakampima choo, wakampiga picha, wakasema yuko salama, ale vizuri tu.

"Anakula!" Mwiko akamfokea daktari. "Anakula kuliko wewe na mimi!"

Saa tisa siku iliyofuata alisimama dirishani amtazame. Jua lilikuwa kali nje, nzi mmoja anazunguka taa, spika imezimwa. Kibonge alikuwa ameinamia sahani, anakula haraka, vidole vimebaki mifupa. Mwiko akasikia anavyotafuna. Kisha Kibonge akaacha kutafuna, akanyoosha mkono kuchukua maji, na mlio wa kutafuna ukaendelea, taratibu, wa mtu mwenye meno mengi na asiye na haraka, ukitoka upande wa pili wa meza ambako hapakuwa na mtu, na kiti cha upande ule kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa ili aongeze, na harufu ya makaa yaliyozimwa ikaja mpaka dirishani ikamwingia Mwiko puani na kooni, na wali kwenye sahani ya mtoto wake, wali mwekundu alioupika yeye kwa mkono wake, ukawa unapauka kuanzia ukingoni kuja katikati, punje kwa punje, mpaka ukawa na rangi ya majivu, na Kibonge akauchota hivyo hivyo akautia kinywani.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa. "Bado nina njaa."

Mwiko alimbeba kwapani, akavuka naye barabara. Alikuwa mwepesi kama kapu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mkali, futi ya kupimia ikining'inia shingoni saa zote. Watu walimpelekea nguo mchana, na shida zisizotibika hospitali wakati wowote. Alimpima Kibonge kiuno, akakunja uso, akavuka barabara na kusimama nje ya pazia la shanga. Hakuingia. Akanusa.

"Anakaa pembeni, karibu na maji," akanong'ona. "Huyu hakuvamia. Huyu jini kaalikwa. Nani kamwambia ale ashibe?"

Mama Naija akamtazama Mwiko. Mwiko akatazama viatu vyake.

"Mimi," akasema. Neno lilimtoka kama jino. "Pazia lililia, nikaitikia. Sikugeuka."

"Miaka yote hii nakwambia, macho halafu mdomo!" Mama Naija akaanza, sauti ikamkatika. "Wateja wamekutukana, mtoto anakwisha, na wewe unajua?"

"Nilijua na sikujua, dada. Nilikuwa na hasira. Nilitaka wakosee wao."

"Hasira zako kaziweke nyumbani," fundi akamwambia. "Jini wa aina hii hashibi, kwa hiyo hakai kwa njaa yake, anakaa kwa mwaliko wako. Utakaa naye kwenye sahani moja, wewe uliyemwita, ule naye kama mwenyeji anavyokula na mgeni, mpaka mwenyewe anawe mikono. Atakuchokoza. Ukimfokea hata mara moja, atakaa mpaka huyu binti awe kivuli."

"Mimi? Nisifoke?"

"Ndiyo maana naogopa," akasema fundi.

Kesho yake saa tisa, wakawazuia wateja wasiingie, mlango wakauacha wazi. Mwiko, ambaye maisha yake yote alikula amesimama, akavuta kiti cha meza ya nane akaketi. Akaweka katikati sinia la wali unaofuka moshi. Mama Naija na fundi walimshika Kibonge kule jikoni.

"Mgeni," Mwiko akasema, "mimi ndiye niliyekukaribisha. Sikukutazama usoni. Nimekuja tule."

Kiti cha mbele yake kikalia. Baridi ikamgusa magoti chini ya meza. Akala tonge, likawa majivu mdomoni, akameza, na njaa ikamwamka tumboni, njaa ambayo hakuwahi kuijua, akala la pili, la tatu, na kila alivyokula ndivyo alivyozidi kuwa mtupu, na kutafuna kule ng'ambo kukaongezeka kasi, kisha kukaja sauti, ya dereva wa lori, karibu kabisa na sikio lake: "Umeanza kupunja, kaka?" Mwiko akaukaza mdomo. Ikaja ya mtu mwenye tai: "Mwizi wewe." Ikaja ya Mama Naija: "Niambie ukweli." Mishipa ya shingo ikamtoka, mkono ukauminya ukingo wa meza mpaka kucha zikaingia kwenye mbao, akala, na mwisho ikaja sauti ya Kibonge, si ile ya jikoni bali nyingine, iliyotoka mahali pale pale penye meno, ikicheka: "Baba, mtamu huyu mtoto wako. Bado nina njaa."

Alifungua kinywa. Kule jikoni Mama Naija alifumba macho.

Machozi yalimtoka Mwiko yakaanguka kwenye wali. Akachota tonge kubwa kuliko yote, akalisogeza upande wa pili wa sinia kama anavyomtengea mtu anayemheshimu.

"Ongeza, mgeni wangu," akasema. "Chakula kipo. Usione haya."

Kutafuna kukakoma.

Halafu bomba la sinki likafunguka lenyewe. Maji yakamwagika, yakakatika, yakamwagika, kama yanavyofanya mtu anapozungusha mikono chini yake, mikono mipana. Bomba likajifunga. Hatua hazikusikika, ila shanga za mlango zilijikusanya, zikatoka nje kwa pamoja, zikarudi.

Kibonge aliomba wali. Alikula nusu sahani, akaisukuma mbele.

"Nimeshiba," akasema, na Mwiko akakimbilia stoo kwa vitunguu ili apate kisingizio cha macho yake.

Kelele ya mlangoni ilipigwa marufuku siku ile ile. Wateja walirudi mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Mashavu ya Kibonge yakaanza kujaa. Dereva wa lori, ambaye ndiye wa kwanza kumtukana Mwiko, alikula siku moja akasinzia mezani, akaamka na aibu.

"Kaka, nilikukosea," akasema.

"Kula, acha maneno."

Lakini dereva alikuwa mtu wa kulipa wema. Aliona mgahawa umepoa, hakuna anayepiga ile kelele tamu ya zamani. Mchana mmoja, watu wamejaa hadi wanakula wamesimama, muziki juu, akazunguka meza zote akiwanong'oneza. Tumfurahishe mpishi wetu. Pazia likilia tu, wote. Msigeuke, asije akashtuka mapema.

Mwiko alikuwa ameshika sahani mbili aliposikia shanga.

"KARIBU, KAA, KULA USHIBE!"

Vinywa thelathini. Wakapiga makofi, wakapiga meza, wakamgeukia dirishani wakicheka. Mwiko alitupa sahani akatoka mbio, akawapangua kwa viwiko mpaka mlangoni. Hapakuwa na mtu. Shanga zilikuwa zinayumba. Akageuka polepole. Meza ya nane ilikuwa imejaa watu wanne, na kati yao kiti cha tano, ambacho hakuna aliyekumbuka kukileta, kilikuwa kinalia.

Akamtafuta Kibonge kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye sinki, ameshika tambara la kufutia, anatikisa kichwa: hapana, baba, hapana.

"Mbona umekunja uso, Mwiko?" Dereva alikuwa bado anacheka. Akachota kijiko cha mwisho, akatafuna, akameza. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akaitazama sahani yake tupu, akalipapasa tumbo.

"Kaka," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "usikasirike. Hivi umenipakulia kweli?"

Na mmoja baada ya mwingine, kwenye meza zote nane, vijiko vikaanza kukwangua sahani.